Rangi Nyekundu Iliruka Nyumba Moja

Siku watu wa barabara walipokuja na ndoo ya rangi, nilikuwa barazani kwangu nikishona libaya, blauzi ya mama mmoja wa kwaya. Walikuwa wanaume watatu. Mmoja alivuta utepe mrefu wa kupimia kutoka katikati ya barabara, wa pili aliandika daftarini, wa tatu alibeba ndoo na brashi. Hawakunisalimu. Yule wa utepe alinipita pembeni kama vile nilikuwa kiti, akagusa ukuta wa chumba changu cha mbele, akasema kwa sauti, "Douze."

Walitaka mita kumi na tano kutoka katikati ya barabara. Ukuta wangu ulikuwa kwenye mita kumi na mbili. Yule wa brashi akachora mistari miwili iliyopishana, mikubwa kama dirisha, kisha chini yake akaandika namba na maneno mawili ya Kifaransa ambayo Bunia nzima ilikuwa imeshayajua, hata sisi ambao shule tuliiacha mapema: à démolir. Ya kubomolewa.

"Papa, hii ni nini?" nikamuuliza.

"Barabara itapanuka, mama."

"Na nyumba yangu?"

"Utaenda kuuliza ku biro."

Wakaingia kwa jirani yangu wa mkono wa kuume. Nikasimama kuwatazama. Nyumba yake na yangu zilikuwa sambamba. Siku tulipochimba misingi tulitumia kamba moja, tukaivuta kutoka kona ya kwake hadi kona ya kwangu. Kama ukuta wangu ulikuwa kwenye kumi na mbili, na wa kwake vilevile. Niliwaona wakisimama kivulini kwake. Nilimwona jirani yangu akiwaletea maji, wakanywa, wakacheka na mume wake, yule wa utepe akaukunja utepe wake. Halafu wakatoka, wakaenda nyumba ya tatu, wakapima, wakachora. Nyumba ya nne wakachora. Ukuta wa jirani yangu ukabaki mweupe.

Ningependa kusema kwamba kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa hofu. Hapana. Hofu ilikuja jioni, nilipowatazama watoto wangu wawili wakila bugali na kujiuliza watalala wapi. Cha kwanza kilikuwa wivu, na uliingia bila kubisha hodi, kama mtu anayejua njia ya kwenda chumbani.

Mimi na yule mwanamke tulitoka Butembo kwa lori moja, tukiwa hatujuani. Lori lilituharibikia Komanda, tukakaa pale siku mbili tukingojea kifaa kutoka mbali, tukigawana mihogo ya kuchoma na turubai moja. Yeye alikuwa na mume, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole anayefunga shati lake hadi kifungo cha juu. Mimi nilikuwa na mashine yangu ya kushona iliyofungwa ndani ya blanketi, na mume ambaye alikuwa ametangulia Mongbwalu kuchimba dhahabu. Bunia ilikuwa ndiyo imeanza kutulia baada ya vita. Amani yenyewe ilikuwa ya kulala na viatu karibu na kitanda, vyeti vya watoto vikiwa tayari ndani ya mfuko mmoja. Lakini watu walikuwa wanajenga, na watu wakianza kujenga huanza pia kutaka nguo mpya.

Tulinunua viwanja vilivyopakana, kutoka kwa muzee mmoja. Tulifyatua matofali pamoja, tukiwa na matope hadi magotini. Kwa kuwa nilimzidi miaka michache aliniita yaya, dada mkubwa, nami nikamwita mdogo wangu, na watu wengi wa mtaa waliamini kwamba tumezaliwa tumbo moja.

Lakini hata wakati ule nilikuwa nimeshaanza kumwonea wivu kwa mambo madogo. Mume wake alimchotea maji mchana kweupe, mbele ya wanaume wenzake, bila kuona haya. Mume wangu mwanzoni alituma habari, kisha habari zake zikawa zinaletwa na watu wengine, kisha zikakoma. Jirani yangu alijenga tanuri la udongo nyuma ya nyumba, akaanza kuoka mikate. Asubuhi harufu yake ilikuja kwangu kabla sijawasha jiko. Alikuwa na kicheko cha tumbo, kile cha mtu asiye na kitu anachosikiliza mlangoni. Nilimpenda, na nilikuwa namhesabia mambo yake. Yote mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana, hadi siku ile ya rangi.

Nilianza kwenda biro, ofisi ya barabara, siku iliyofuata. Nilivaa kikwembe, kitenge changu cha kanisani. Mlinzi wa mlangoni aliniuliza ninamtaka nani; nikasema mtu wa nyumba za kubomolewa; akacheka, akanionyesha benchi. Tulikaa pale watu wengi. Kila mlango ulipofunguka tulisimama wote, kisha tukaketi tena, kwa sababu aliyetoka alikuwa anaenda tu kunywa chai. Siku ile sikuonana na mtu. Siku ya pili niliambiwa shefu yuko safarini. Siku ya tatu nilifika kwa karani.

Mimi huwajua watu kwa nguo zao. Karani yule alikuwa na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi vizuri, kola yake imegeuzwa na fundi mzuri ili upande uliochakaa usionekane. Nikajiambia, huyu ni mtu kama sisi, atanielewa. Hakuinua kichwa. Nilikuwa nimeandika barua usiku uliotangulia, nikaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Hii iko mu Kiswahili," akasema, macho yakiwa kwenye karatasi zake nyingine.

"Ndiyo, mukubwa."

"Hapa tunapokea Kifaransa."

"Mukubwa, lakini hata weye tunaongea na weye Kiswahili sasa hivi."

"Kuongea ni kuongea. Dosye ni dosye. Mwenye kufuata!"

Nilichukua barua yangu. Mwenye kufuata, baba mmoja mwenye kofia mkononi, alikuwa ameshajibanza kati yangu na meza. Huko ndiko nilikojifunza kwamba mtu anaweza kupunguzwa bila kutukanwa. Hakuna aliyenifokea. Nilisikia tu sauti yangu mwenyewe imekuwa nyembamba, sauti ya mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Nilijifunza kucheka mzaha wa mlinzi. Nilijifunza kusema "samahani" kabla ya kusema ninachotaka. Kisha nikarudi nyumbani, sauti yote ikanirudia, nikawafokea watoto wangu kwa sababu ya ndoo iliyoachwa mlangoni.

Barua ya Kifaransa niliandikiwa na mume wa jirani yangu. Aliketi kwenye meza yao, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali, akaandika kwa mwandiko wa duara kama wa ubaoni. Mke wake alitukatia mkate. Aliponisomea ile barua sikuelewa yote, lakini ilisikika kama barua ya mtu mwenye heshima zake.

"Ukiwapatia hii, batakusikiliza, yaya," jirani yangu alisema.

Nilimshukuru. Nikainua macho nikauona ukuta wao kwa ndani, umepakwa chokaa mpya, nikawaza: mwanamke huyu ana Kifaransa nyumbani mwake, kimekaa hapa kinakula bugali naye kila siku, na bado ukuta wake ndio ulioachwa.

Karani alipokea barua. Wiki mbili baadaye alisema, "Barua gani?" Nikamweleza. Akatafuta kidogo kwenye rundo, si kwa bidii sana, akasema labda iko kwa shefu. Baadaye tena akasema dosye zote, mafaili ya barabara, ziko Kinshasa. Kinshasa mimi sijawahi kuiona. Kampala, ambako vitambaa vyangu hutoka, naijua kwa harufu ya mizigo yake. Kinshasa ilikuwa sauti ndani ya redio. Sasa nyumba yangu ilikuwa imekwenda huko bila mimi. Ndani ya ile biro hakuna aliyejua jina langu. Niliitwa kwa namba iliyoandikwa ukutani kwangu.

Kila niliporudi nilipita mbele ya nyumba ya jirani. Alipanda maua kwenye makopo makuukuu ya rangi, akayapanga barazani. Mume wake alianza kumjengea kibanda cha kuuzia mikate upande wa barabara, akipigilia misumari baada ya masomo. Wateja wangu walianza kuniuliza, "Mama, tukikuletea kikwembe leo, nyumba itakuwapo siku ya kukichukua?" Wengine hawakuuliza, walipeleka tu nguo zao kwa mshonaji mwingine. Nao walipopita walinunua mkate kwa jirani.

Nilimuuliza siku moja, nikijitahidi sauti iwe nyepesi.

"Mdogo wangu, mulifanya je na bale batu ba rangi?"

"Hatukufanya kitu, yaya. Nilibapatia mai, bakakunywa, bakaenda. Nafikiri balisahau."

"Balisahau tu?"

"Siye tuliogopa kubakumbusha. Ni Mungu njo aliona."

Sikulala vizuri na neno lile. Kama ni Mungu aliyeona, basi aliangalia nyumba yake akaruka yangu. Nilianza kuwaza kwamba hakusema kweli. Niliwakumbuka wale wanaume wakicheka na mume wake. Nilikumbuka utepe ukikunjwa kabla ya kufunguliwa. Kila nilipokumbuka niliongeza kidogo: mkono ulioingia mfukoni, neno lililosemwa karibu na sikio. Alipoendelea kunitumia mkate asubuhi, niliupokea kwa tabasamu, nikishafunga mlango nikawapa kuku.

Siku niliyofanya nilichofanya haikuwa imepangwa. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi tangu ofisi zilipofunguliwa. Mvua ilikuwa imenipata njiani. Kikwembe cha kanisani kilikuwa na matope hadi goti. Nilipoingia, karani alikuwa anaandika, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Bado, mama. Kuya wiki ingine."

Nikasimama. Mwenye kufuata alikuwa ameshaanza kunisukuma kwa bega. Nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Na ile nyumba yenye haikuandikwa, hiyo njo sheria gani?"

Kalamu ikasimama. Karani akainua kichwa. Miezi yote ile sikuwa nimewahi kuyaona macho yake. Yalikuwa ya hudhurungi, yamechoka.

"Nyumba gani?"

"Ya pembeni yangu. Iko douze metre, sawa na yangu. Hawakuandika kitu."

Akamwambia yule baba wa nyuma yangu atoke, angoje nje. Akasogeza kiti, kiti chenyewe chenye mgongo, si benchi.

"Ikala, mama. Eleza polepole."

Akachukua karatasi mpya. Nikaeleza kwa Kiswahili, naye akaandika. Kiswahili kilekile kilichofukuzwa pale mezani sasa kilikuwa kinaandikwa neno kwa neno, na niliposita alinisubiri. Aliniuliza wale wanaume walikaa kule muda gani. Nikasema walikaa. Aliniuliza kama walipewa kitu.

"Balikunywa kwake," nikasema.

Sikusema kwamba yalikuwa maji. Nilijua alivyoelewa, nilimwona akielewa, na nikamwacha aandike. Akanisomea, nikaweka sahihi yangu. Akanisindikiza hadi mlangoni, mlinzi akaona, na kwa mara ya kwanza mlinzi yule akaniita mama bila mzaha.

Sitaficha: nilitoka pale nikiwa na furaha. Nilipita sokoni nikitembea katikati ya njia, na motari wa pikipiki wakanipisha. Sauti yangu ilikuwa nene. Nilikuwa nimeingia mahali wanaposikilizwa watu, nikasikilizwa. Haikunijia kabisa kwamba kuhusu nyumba yangu mwenyewe sikuwa nimesema hata neno moja.

Walikuja baada ya siku mbili, watu wengine, si wale wa kwanza. Walipima ukuta wa jirani yangu mbele ya mtaa mzima, wakasema "Douze" kwa sauti kubwa kuliko ilivyosemwa kwangu, wakachora. Kisha wakamchukua mume wake. Walisema kuna mtu amelalamika, kwamba amewahonga mawakala wa serikali kwa pombe. Mwalimu yule hakuwahi kunywa pombe maishani mwake. Alikwenda nao akiwa amefunga kifungo cha juu. Alirudi jioni kola ikiwa wazi, hakutaka kuniambia wala kumwambia mtu yeyote alichoulizwa. Kwa kuwa, walisema, familia ile ilijaribu kudanganya, walipewa wiki moja kubomoa wenyewe. Wasipobomoa, mashine ingekuja na wangepoteza hata mabati.

Sisi wengine hatukupewa tarehe.

Jirani yangu alikuja kwangu asubuhi, macho yamevimba, akaniegemea begani.

"Yaya, sasa tuko bote sawa," akasema. "Nilikuwa nakuonea huruma, sikujua ni uchungu namna hii. Nani alitusemea vile? Siye tulikosea nani?"

Nilimpigapiga mgongoni. Mikono yangu ilinuka mafuta ya mashine yangu ya kushona. Nilifikiri wivu utakuwa umekwisha, maana sasa kuta zetu zilikuwa na rangi moja. Haukwisha. Siku ile wanawake wa mtaa walijaa uani kwake, mmoja akampikia, mwingine akawachukua watoto wake. Wazee wa kanisa walikuja kuomba naye. Mume wake alimshika mkono mbele ya watu wote. Nikasimama kwenye ua wake nikikumbuka siku rangi ilipochorwa kwangu: nilikuwa nimeketi peke yangu nikimalizia kushona libaya ya mtu. Hata katika kuumia alikuwa amenizidi.

Mwalimu alipanda juu ya paa siku ya nne. Alikuwa mtu anayeamini karatasi. Walikuwa wamempa karatasi yenye muhuri na alitaka kuiheshimu kabla ya wiki kwisha. Aling'oa misumari mmojammoja, akainyoosha kwa nyundo, akaiweka ndani ya kopo. Mimi nilisimama chini nikipokea mabati. Yalikuwa ya moto kwa jua, nikayashika kwa vipande vya kikwembe. Nilifanya kazi ile siku nzima, nikafanya na kesho yake. Nilibeba matofali, nilibeba fremu ya dirisha. Jirani yangu alisema mbele ya watu, "Munamuona yaya yangu? Huyu ni zaidi ya damu." Nikainama nikaokota tofali jingine.

Tanuri halikubebeka. Aliligonga mwenyewe kwa jembe hadi likaanguka.

"Tukimaliza hapa, nitakuja kukutolea manjanja ya paa yako na weye," mwalimu aliniambia. "Usingoje mashine."

"Nitakuambia, baba," nikamjibu.

Walihamia chumba cha kupanga upande wa pili wa mji. Mimi nikabaki nikingojea mashine. Nilifungasha vitu, nikavifungua, nikavifungasha tena. Mvua zikaja. Kulisikika risasi kwenye barabara ya kwenda Gety, watu wakakimbilia mjini na magodoro kichwani, magari ya wakubwa yakapungua. Mashine kubwa ya njano ambayo tulikuwa tunaiona imeegeshwa kando ya mji siku moja ikapakiwa kwenye trela, ikaenda, hakuna aliyejua wapi. Nilikwenda biro.

"Ile kazi ya barabara ilisimama," karani akasema, kichwa chini.

"Nani aliisimamisha?"

"Bakubwa."

"Na nyumba zetu?"

"Bado ziko mu liste. Kaa tu, mama."

Nikamkumbusha kwamba ni mimi, yule wa nyumba ya jirani. Hakukumbuka. Nilitaka kumwambia kwamba kuna watu waliobomoa, kwamba pale palipokuwa na nyumba sasa pana majani na mbuzi wa mtu. Mwenye kufuata akaniingilia mbele.

Nilikaa na jambo lile kipindi chote cha mvua. Kila asubuhi niliamka kwenye nyumba yangu yenye alama nyekundu, imesimama, na ukifungua dirisha la kuume unaona anga mahali palipokuwa na ukuta mweupe. Mwishowe nilifunga safari kwenda kwake. Nilimkuta uani, anakanda unga ndani ya beseni. Alikuwa ameanza tena kuoka, safari hii ndani ya nusu ya pipa. Mume wake alikuwa shuleni. Nikakataa kiti.

"Mdogo wangu, ni miye nilienda kubasemea."

Aliendelea kukanda. Nikadhani hakusikia.

"Ku biro. Nilisema nyumba yenu haikuandikwa. Nilisema balikunywa kwako. Sikusema ni mai."

Mikono yake ikasimama ndani ya unga. Alinitazama, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kofi, kwa kelele ambazo zingewaita majirani. Alichosema kilikuwa kitu kingine.

"Alikusikiliza?"

"Nani?"

"Ule karani. Ulipokuwa unaongea, alikusikiliza?"

"Alinisikiliza."

"Alikupatia kiti?"

"Alinipatia."

"Siye tulienda mara tano, kabla ya kubomoa na hata baadaye," akasema. "Mwalimu aliandika barua mu Kifaransa chake chote. Tuliomba batupime tena, tuliomba batuite na bale batatu, baseme kama ilikuwa pombe. Mara tano, yaya. Hata kichwa hakuinua." Akafuta mikono yake polepole kwenye kikwembe. "Lakini weye alikupatia kiti."

Niliitambua sauti ile. Nilikuwa nimeishi nayo mwaka mzima ndani ya kifua changu. Alikuwa ananionea wivu, mimi, kwa robo saa niliyoketi kwenye kiti chenye mgongo nikimsaliti. Nikaona tulikofikishwa sisi wawili, wanawake waliogawana turubai Komanda, tukionea wivu kutazamwa na mtu mwenye kola iliyogeuzwa. Nilipiga magoti pale uani. Hakunizuia wala hakuniinua.

"Enda kwako," akasema hatimaye. "Mwalimu akirudi nitamwambia miye mwenyewe. Weye usimwambie."

Nilikwenda. Sijui walivyoongea. Ninachojua ni kwamba kiangazi kilipofika, mwalimu alikuja peke yake na kamba na vigingi, akaanza kupima kiwanja chake. Safari hii alirudi nyuma, zaidi ya mita kumi na tano, akabakiwa na nafasi ndogo ya nyumba ndogo. Nilitoka nikamsalimu. Aliitikia. Nilisema nitasaidia kufyatua matofali; akafikiri kidogo, akasema, "Matope iko pale." Tukafanya kazi wiki nyingi bila maneno mengi. Aliposhindwa kufika kwa ajili ya mitihani ya wanafunzi, nilifanya peke yangu. Sikufanya ili nisamehewe. Au labda nilifanya kwa hilo. Lakini matofali yalikauka sawasawa.

Walirudi kuishi pale kabla ya mvua nyingine. Nyumba ina vyumba viwili, mlango wake unatazama kando, si barabarani. Jirani yangu hunisalimu kila siku. Haniiti yaya tena. Ananiita mama, kama anavyowaita wateja na wake za wakubwa, kwa heshima isiyo na kosa lolote. Watoto wetu hucheza pamoja. Nikiumwa hutuma mtu kuuliza hali, naye mwenyewe hubaki kwake.

Rafiki yake sasa ni mama muuza makala, makaa ya kupikia, wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mnene aliyekuja juzijuzi kutoka Mongbwalu, asiyejua lolote juu yetu. Saa za mchana, mikate ikiwa motoni, huvuka barabara, akaketi kwenye mkeka wa jirani yangu, na wanasukana nywele. Jana nilikuwa barazani nikikata kitambaa cha sare ya harusi, nikakisikia kile kicheko cha tumbo, kilekile, ambacho sikuwa nimekisikia tangu walipohama. Yule muuza makala alikuwa amemnong'oneza kitu, naye alikuwa ameinamia magoti yake akipangusa machozi ya kucheka. Nilisimama na mkasi wazi mkononi, nikinyoosha shingo nipate hata neno moja la kile kinachowachekesha, hadi mteja wangu aliponigusa bega akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia hapana, anyooshe mkono vizuri nimpime tena.